Depite wako akishitakiwa na mahasimu wake: namna ya kufuata kesi hatua kwa hatua

Habari huingia kwenye simu alfajiri: depite wetu, yaani mbunge, amekamatwa. Saa nne haijafika, pale konani Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, wanapokutana kila siku wabishi wa siasa tunaowaita wabunge wa kusimama, pande mbili zimeshajipanga. Hawa wanasema ni mwizi, acha akaoze gerezani Kasapa. Wale wanasema mutoto wetu anaonewa kwa ajili ya kabila lake. Uliza nani ameona karatasi hata moja ya kesi hiyo, watu wote watakutazama tu.

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa pale konani. Mawakili wana vitabu vyao. Unahusu mtu tuliyempigia kura, anapong'olewa kwenye kiti kupitia mahakama na watu walioshindwa kumng'oa kwa kura. Mambo hayo yapo. Lakini yapo pia ya mtu aliyekula mali ya umma kweli kweli, kisha akajificha nyuma ya neno "siasa". Kelele za konani hazitakusaidia kutofautisha. Dosie, yaani jalada la kesi, itakusaidia, na tarehe zake zaidi.

Nasema tarehe kwa sababu sisi wa Lubumbashi tulishafundishwa. Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi alipojiuzulu Septemba 2015. Mwaka uliofuata akatangaza kuwania urais. Juni 2016, mahakama ya amani ya hapa mjini ikamhukumu miaka 3, mwenyewe akiwa nje ya nchi, kwa malalamiko ya raia wa Ugiriki juu ya nyumba. Haukupita muda mrefu, hakimu aliyeongoza mahakama hiyo akaikimbia nchi na kusema alishurutishwa kutia sahihi. Agosti 2018, siku zile zile za kupeleka majina ya wagombea, Katumbi akafika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akazuiwa kuvuka. Uchaguzi ukafanyika Desemba 30, 2018 bila yeye. Aprili 2019 Mahakama ya Kasasioni, ile ya juu ya Kinshasa, ikaifuta hukumu ile, na Mei akarudi mjini.

Wakati ule hakuwa na kiti cha kunyang'anywa, najua. Ila tazama hesabu yake: hukumu ilifutwa, na ilifutwa karibu miezi minne baada ya kura. Aliyetaka asigombee alipata alichokitaka hata kama mwishoni kesi ilianguka. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini nitakurudisha kwenye kalenda.

Hatua ya 1: Andika cheo chake, kisha andika mahakama

Chukua daftari. Mstari wa kwanza uandike cheo kamili cha mshitakiwa, wa pili jina la mahakama iliyomwita. Mistari hiyo miwili ikikataana, umeshapata swali kubwa kabla hata hujajua anashitakiwa nini.

Kifungu cha 153 cha Katiba ya 2006 kinasema depite wa taifa na seneta huhukumiwa na Mahakama ya Kasasioni, Kinshasa. Kadhalika gavana, makamu wake, mawaziri wa jimbo na rais wa Baraza la Jimbo. Depite wa jimbo huhukumiwa na Mahakama ya Rufaa. Rais wa Jamhuri na Waziri Mkuu ni wa Mahakama ya Katiba. Na kifungu cha 19 kinakataza mtu yeyote kuondolewa mbele ya hakimu ambaye sheria imempangia. Kwa hiyo ukisikia depite wa taifa amepelekwa mbele ya mahakama ndogo ya mtaani kwenu, usiulize kwanza kama ana hatia. Uliza amefikaje pale.

Kuna jambo watu hulisahau. Kuhukumiwa na Kasasioni kunaonekana kama heshima, lakini mahakama hiyo huwahukumu wakubwa hawa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakuna rufaa ya kukata. Jean-Marc Kabund, depite wa taifa aliyewahi kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Bunge, alihukumiwa hapo miaka 7 Septemba 2023 kwa makosa ya maneno, likiwemo la kumtukana mkuu wa nchi. Mama muuza ndizi wa soko la Kenya, akihukumiwa, ana ngazi ya juu ya kupanda. Depite hana. Mimi naona hilo ni kasoro, na linafanya kila kikao cha kusikilizwa mbele ya Kasasioni kiwe na uzito wa mara mbili.

Meya aliyewekwa kwa amri hayumo katika mwongozo huu. Aliyemweka kwa kalamu humwondoa kwa kalamu.

Hatua ya 2: Tafuta ni mlango gani umefunguliwa

Kiti cha kuchaguliwa hakipotei hivi hivi. Kina milango yake inayojulikana, na mahasimu huchagua ulio rahisi kusukuma.

Mlango wa kwanza ni matokeo ya uchaguzi wenyewe. Baada ya CENI, tume ya uchaguzi, kutangaza matokeo ya muda ya ubunge, chama au mgombea wa jimbo hilo la uchaguzi ana siku 8 za kupeleka malalamiko, na kwa ubunge wa taifa Mahakama ya Katiba ina miezi 2 ya kuamua. Wewe mpiga kura huwezi kulalamika kwa jina lako. Lazima chama chako au mgombea wako afanye hivyo. Uamuzi wa mahakama hiyo, kwa kifungu cha 168, hauna rufaa. Ila kuna upenyo mmoja mwembamba: kuomba kusahihishwa kwa kosa la kuandika au la kuhesabu, ambalo mawakili huliita kosa la kimateria. Upenyo huo tuliuona ukipanuka Juni 2019, Mahakama ya Katiba ilipobatilisha viti vya madepite zaidi ya ishirini, wengi wao wa muungano wa upinzani Lamuka. Nchi ilipiga kelele. Julai mahakama ile ile ikawarudisha wengi wao kwa njia hiyo ya kusahihisha makosa. Kwa hiyo usiseme "imekwisha" siku ya uamuzi. Muulize avoka, yaani wakili, wa depite siku hiyo hiyo kama ombi la kusahihisha limepelekwa, na uandike tarehe.

Usichanganye mahakama na CENI. Januari 2024 ni CENI yenyewe iliyofuta kura za wagombea 82 wa uchaguzi wa Desemba 20, 2023, kwa tuhuma za udanganyifu na fujo. Mtu akikuambia "mahakama imemfuta", hakikisha kwanza ni nani aliyetia sahihi.

Mlango wa pili ni kesi ya jinai. Huu ndio wenye mambo mengi, na nimeuwekea hatua yake hapo chini. Kwa sasa shika neno moja: kwa kifungu cha 110, kushitakiwa hakumwondoi depite. Kukamatwa hakumwondoi. Kinachomwondoa ni hukumu isiyoweza tena kubadilishwa, ya kifungo, kwa kosa alilolitenda kwa kusudi. Ukiona barua inayodai kiti kiko wazi hali kesi bado inasikilizwa, hiyo barua ina kasoro.

Mlango wa tatu ni chama. Kifungu hicho hicho cha 110 kinasema depite akikiacha chama chake kwa hiari katikati ya muhula, anahesabiwa kuwa amekiacha na kiti. Mahasimu wa ndani ya chama huupenda sana mlango huu kwa sababu hauna hakimu: barua moja ya katibu mkuu kwenda ofisi ya Bunge, basi. Tafuta barua ya kujiuzulu yenye sahihi yake mwenyewe. Kufukuzwa na chama si sawa na kukiacha.

Karibu na huo kuna wa nne, wa kukosa vikao: zaidi ya robo ya vikao vya kipindi kimoja, bila sababu wala ruhusa. Depite akiwa gerezani hukosa vikao, ndiyo, lakini sababu anayo. Kama wewe ni mtu wake wa karibu, hakikisha kila kikao anachokosa kina barua iliyopokelewa na kugongwa mhuri. Uvivu wa kuandika barua umewahi kufanya kazi ya adui.

Gavana ana mlango wake, mosioni, yaani hoja ya kumwondoa. Yeye huchaguliwa na madepite wa jimbo, nao wanaweza kumwangusha. Hesabu ni hizi: mosioni ya kuiangusha serikali yote ya jimbo inataka sahihi za robo ya wajumbe. Kura haipigwi mpaka saa 48 zipite tangu ilipowekwa mezani. Ili ipite inahitaji zaidi ya nusu ya wajumbe wote wa baraza, wasiokuwepo nao wakihesabiwa. Tuseme baraza lina viti 48: sahihi 12, kura 25. Ikipigwa usiku wa kuamkia siku ya pili, au gavana akanyimwa nafasi ya kujitetea, hapo gavana ndiye anayekimbilia mahakamani, na Mahakama ya Katiba imewahi kubatilisha mosioni kwa sababu haki ya kujitetea ilivunjwa. Kwa hiyo korti si silaha ya upande mmoja. Inaweza kumng'oa mtu na inaweza kumrudisha.

Hatua ya 3: Soma kinga pamoja na kalenda

Kinga, au imunite kama tunavyosema, watu wengi huidhani ni ruhusa ya kutenda uovu. Fungua kifungu cha 107. Kwanza, maoni aliyoyatoa depite na kura aliyoipiga akiwa kazini hayashitakiwi kabisa, hata baada ya muhula. Pili, wakati wa kikao hakamatwi wala hashitakiwi mpaka wenzake wote wakutane katika plenari na kutoa ruhusa. Tatu, nje ya kikao, ruhusa ya kumkamata hutolewa na ofisi ya Bunge tu, yaani watu wachache kuzunguka meza moja.

Umeona? Sasa chukua kalenda. Vikao vya kawaida ni viwili: Machi 15 hadi Juni 15, na Septemba 15 hadi Desemba 15. Kabund alizungumza na waandishi wa habari Julai 2022. Akakamatwa Agosti. Julai na Agosti ni miezi ya likizo ya Bunge. Sisemi tarehe peke yake inathibitisha njama. Nasema ukiona haraka ya likizo katika jambo ambalo lingeweza kungoja Septemba 15, chora mstari mwekundu chini yake.

Mwendesha mashtaka mkuu huomba ruhusa kwa barua yake, rekisitwari. Huomba kwanza ruhusa ya kuchunguza, kisha, uchunguzi ukitoa kitu, ruhusa ya kushitaki. Ni hatua mbili. Tuliziona wazi mwaka 2025 kwa Constant Mutamba, waziri wa sheria wakati ule: Bunge liliruhusu uchunguzi mwishoni mwa Mei, likaruhusu mashtaka katikati ya Juni. Hatua moja ikirukwa, andika. Na Bunge lenyewe likiona mambo yamekwenda mrama, linaweza kudai kesi au kifungo cha mjumbe wake kisimamishwe, ingawa si zaidi ya mwisho wa kikao kinachoendelea. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Kuitumia ni jambo jingine. Mwaka huo huo ofisi ya Bunge ililalamika kwamba haikuombwa ruhusa katika kesi ya Matata Ponyo, depite na Waziri Mkuu wa zamani. Mahakama ya Katiba iliendelea na kazi yake, na Mei 20, 2025 ikamhukumu miaka 10 katika dosie ya Bukanga Lonzo, mradi wa kilimo wa serikali.

Kinga ina tundu moja kubwa: kukamatwa papo hapo, flagransi. Mtu akishikwa akitenda kosa, au ametoka tu kulitenda, ruhusa haihitajiki, na kuna amri ya Februari 24, 1978 inayopanga namna ya kumhukumu upesi. Hapa pana uchakachuaji mwingi. Video iliyorekodiwa wiki iliyopita haiwi "papo hapo" kwa sababu polisi wameiona leo. Andika saa ya kosa linalodaiwa na saa ya kukamatwa. Pengo kati ya saa hizo mbili litakuambia mengi.

Hatua ya 4: Omba karatasi

Bila namba huna kesi, una uvumi. Dosie iliyoko parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ina namba ya RMP, ya rejista ya ofisi hiyo. Ikifika mahakamani hupewa namba ya RP, ya orodha ya kesi za jinai, na orodha ya kesi za siku hubandikwa kwenye ubao wa mahakama. Nenda uisome. Piga simu kwa avoka, omba vitu vitatu: wito wenye tarehe, kosa lenyewe na kifungu chake cha sheria, na mandati, hati ya kumkamata, kama mtu yuko ndani. Polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 kabla ya kumfikisha kwa mwenye mamlaka. Hilo ni kifungu cha 18.

Kwenye ofisi ya karani, grefi, unaweza kuombwa pesa. Malipo halali ya nakala yapo, na yana risiti. Mahali pamoja nisipopataja niliwahi kuombwa "ya sukari" ili nione karatasi iliyopaswa kuwa ubaoni. Sikutoa, na ilinigharimu siku nne. Rudi kesho, na mpeleke mtu mzima anayeheshimika mtaani. Nakala ya hukumu ni bora kuliko maelezo ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Hatua ya 5: Ingia ukumbini

Vikao ni vya wazi kwa kifungu cha 20, isipokuwa mahakama ikiamua vinginevyo kwa ajili ya usalama au maadili. Vaa vizuri, zima simu, kaa kimya. Usipige picha. Usimzomee hakimu: kumtukana ni kosa, na unaweza kulala ndani kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lako halijui.

Andika mambo haya kila siku ya kusikilizwa. Kesi imeahirishwa? Nani aliomba, upande wa mashtaka au wa utetezi? Mawakili wa utetezi walipata dosie siku ngapi kabla? Mahakimu ni wale wale wa wiki iliyopita? Shahidi aliulizwa maswali na pande zote? Kisha siku ya hukumu sikiliza sababu, maana kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iwe na sababu na isomwe hadharani. Hukumu inayosema "ana hatia" bila kueleza ni ushahidi gani umekubaliwa na upi umekataliwa, na kwa nini, iwekee alama.

Nitakuambia pia alama za upande wa pili, maana nisipozisema nitakuwa nimekudanganya. Depite ambaye kila siku ya kesi anaumwa. Avoka anayezungumzia kabila na Kinshasa mbele ya kamera, lakini ndani ya ukumbi hana risiti hata moja ya kuonyesha pesa za barabara zilikokwenda. Vijana waliolipwa kuja kuimba. Ukiyaona hayo yote katika kesi moja, kubali kwamba huenda mtu wako amekula. Ni vigumu, hasa kama ni wa kwenu. Mimi imenitokea, na nilikaa miezi nikijidanganya.

Hatua ya 6: Tazama nani atakalia kiti

Hii ni fupi. Kiti kikipotea kwa malalamiko ya uchaguzi, humwendea mgombea mwingine. Kikipotea kwa hukumu ya jinai, humwendea siplea, mbunge wa akiba aliyeandikwa pamoja na depite siku ya kupeleka majina. Mara nyingi siplea ni mke, mtoto au ndugu wa damu. Kwa hiyo anayepiga kelele zaidi siye kila mara anayefaidika. Andika jina la anayefaidika, kisha uone kama lina uhusiano wowote na mlalamikaji wa kwanza.

Hatua ya 7: Ukitaka kufanya kitu

Maandamano hayahitaji kibali. Kifungu cha 26 kinataka waandaaji wawaarifu wenye mamlaka kwa maandishi. Fanya nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usiende barabarani bila hiyo karatasi.

Barua ya wapiga kura kwenda kwa rais wa Bunge au wa Baraza la Jimbo ina nguvu kuliko mnavyodhani, ikiwa fupi na ikitaja kifungu. Andikeni: "Sisi wakaaji wa komini ya Ruashi tunaomba ofisi itueleze kama ruhusa ya kifungu cha 107 ilitolewa, tarehe gani, na nani." Msiseme hana hatia, hamjui. Ulizeni ruhusa. Swali la namna hiyo hata asiyempenda depite wenu anaweza kulitilia sahihi, na mkiweza mtafuteni kweli atie sahihi. Sahihi tano za watu waliompigia mpinzani wake zinapita hamsini za mashabiki.

Jirani akiwa na daftari kama lako, linganisheni. Nakala moja ipelekeni kwa mtu wa Likasi au Kipushi, maana karatasi hupotea, na simu huporwa. Kisha siku moja asubuhi rudi pale konani, subiri pande zote mbili zichoke kupiga kelele, fungua daftari na uwasomee tarehe tu, kuanzia ya kwanza: siku ya malalamiko, siku ya rekisitwari, siku ya ruhusa, siku ya kukamatwa, siku ya kufungwa kwa majina ya wagombea. Usiongeze neno. Waache wahesabu wenyewe.